Punda wa London na Haki ya Mnyama

Tarehe 22 Julai mwaka 1822 Mfalme George wa Nne wa Uingereza alitia idhini yake katika sheria moja fupi. Sheria hiyo ilisema kwamba mtu yeyote atakayempiga au kumtesa kwa ukatili farasi, nyumbu, punda, ng'ombe au kondoo, aweza kushtakiwa mbele ya hakimu. Na akionekana ana hatia atatozwa faini isiyopungua shilingi 10 wala kuzidi pauni 5, na asipolipa atafungwa kwa muda usiozidi miezi 3. Basi, ni hayo tu. Mtu akiisoma leo aweza kuuliza, Kuna ajabu gani hapo? Nasi twamjibu kwamba ajabu ipo, tena kubwa, na ndiyo tunayotaka kuieleza katika mazungumzo haya.

Kabla ya siku ile sheria ya Uingereza haikumjua mnyama ila kama mali. Ukimvunja mguu punda wa jirani yako, jirani aliweza kukushtaki, kwa kuwa umemharibia mali yake, kama vile ungalimvunjia mkokoteni. Lakini ukimvunja mguu punda wako mwenyewe, hapakuwa na mtu mwenye neno juu yako. Nani atamshtaki mtu kwa kuvunja jembe lake? Punda mwenyewe hakuwamo katika hesabu. Ni kweli zilikuwako sheria mbili tatu za zamani zaidi katika nchi nyingine. Huko Ireland mwaka 1635 walikatazwa watu kumfunga farasi plau mkiani, na kung'oa manyoya ya kondoo aliye hai. Na walowezi wa Massachusetts, Marekani, mwaka 1641 waliandika katika sheria zao kwamba mtu asiwatendee ukatili wanyama wanaofugwa kwa matumizi ya binadamu. Walakini sheria ya mwaka 1822 ndiyo iliyotoka katika Bunge la taifa kubwa, na ndiyo iliyofuatwa na nchi nyingi baadaye. Nayo ilisema jambo ambalo wengi waliliona geni: kwamba mwenye punda aweza kuwa na hatia kwa ajili ya punda wake, na kwamba mtu mwingine yeyote aliyeona ukatili ule, hata kama hana sehemu katika mali ile, aweza kwenda kwa hakimu akaapa na kumshtaki.

Neno hili halikuzuka siku moja. Watu wamebishana juu yake tangu kale, na mabishano yao yafaa kusikilizwa, maana kila mmoja wetu, akijua asijue, hufuata mojawapo ya njia walizozikata wao.

Kwanza twende kwa Wayunani. Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya kuzaliwa Kristo, alikuwa mjuzi wa wanyama kuliko watu wote wa zamani zake. Alipasua samaki, alitazama jinsi kifaranga kinavyokua ndani ya yai siku kwa siku, akaandika habari za nyuki na za pweza. Walakini katika kitabu chake cha mambo ya utawala alifundisha kwamba mimea imewekwa kwa ajili ya wanyama, na wanyama kwa ajili ya watu. Katika kitabu hicho hicho alifundisha pia kwamba wako watu waliozaliwa kuwa watumwa, na kwamba matumizi ya mtumwa na ya mnyama wa kufugwa hayapitani sana, kwa kuwa wote wawili humtumikia bwana wao kwa nguvu za mwili. Twamwomba msomaji aiweke akilini habari hii, maana itarudi.

Lakini si Wayunani wote waliokuwa na moyo huo. Iko hadithi, naye Aristotle mwenyewe aliiandika, ya nyumbu mmoja wa mji wa Athens. Wenyeji walipokuwa wakijenga hekalu lao kubwa juu ya kilima cha mji, nyumbu wengi walitumika kuvuta mawe. Nyumbu huyu alipozeeka aliachiliwa, asifanye kazi tena. Naye hakukubali kukaa bure. Kila siku alikuja mwenyewe, akatembea bega kwa bega na wenzake waliokuwa wakivuta, kana kwamba awatia moyo. Watu wakapendezwa naye, wakaamuru alishwe kwa gharama ya mji mpaka kufa kwake. Miaka mia tano baadaye Plutarch aliikariri hadithi hiyo alipokuwa akimlaumu Cato, mkuu mmoja wa Warumi, aliyekuwa na desturi ya kuwauza watumwa wake wakizeeka. Plutarch alisema yeye asingeweza kumwuza hata ng'ombe mzee aliyemlimia shamba, sembuse binadamu. Sisi twasema shukrani ya punda ni mateke. Watu wa Athens pengine wangaliigeuza mithali hiyo, wakauliza shukrani ya mwanadamu kwa punda ni nini.

Katika Bara Hindi, mfalme Ashoka, aliyetawala katika karne ya tatu kabla ya Kristo, aliamuru maneno yake yachongwe katika majabali na nguzo za mawe ili raia wote wayasome. Humo alitangaza kwamba maelfu ya wanyama waliokuwa wakichinjwa kwa jiko la mfalme wamepunguzwa hata wakabaki tausi wawili na paa mmoja kwa siku, naye paa si siku zote, na kwamba hata hao watatu baadaye wataachwa. Tena alisema amepanda dawa za kuwatibu watu na dawa za kuwatibu wanyama, na kuchimba visima kando ya njia ili wote wanywe. Maandishi hayo yapo mpaka leo. Wala hatuna haja ya kukaa sana hapo, kwa kuwa amri ya mfalme ni amri ya mfalme. Ashoka alipokufa, majiko ya wafalme wengine yaliwaka kama kwanza.

Wasomaji wetu wa pwani, na wengi wa bara pia, wamezijua tangu chuoni hadithi mbili za Mtume: ile ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake, na ile ya mwanamke aliyemfungia paka hata akafa kwa njaa, asimlishe wala asimwache ajitafutie, naye akaingia Motoni kwa sababu yake. Hadithi hizo husimuliwa sana. Yasiyosimuliwa sana ni yale wanavyuoni waliyoyajenga juu ya msingi huo.

Katika mji wa Basra, karne ya kumi baada ya Kristo, walikuwako watu wa elimu waliojiita Ikhwan as-Safa, yaani Ndugu wa Usafi. Waliandika risala hamsini na zaidi juu ya elimu zote, na katika mojawapo waliweka kesi ya ajabu. Watu walivunjikiwa na chombo, wakatupwa katika kisiwa ambacho wanyama walikaa kwa amani bila kumjua binadamu. Mara watu wakaanza kuwakamata, kuwapanda, kuwatwika mizigo na kuwachinja, wakisema hawa ni watumwa wetu. Wanyama wakakimbilia kwa mfalme wa majini, wakashtaki. Mfalme akawaita wote barazani. Binadamu wakaleta hoja zao mmoja baada ya mmoja: sisi twasimama wima, nao huinama, sisi tuna akili na mafundi na majumba, sisi tuna dini na sheria. Na kila hoja ilijibiwa. Nyumbu alieleza kwamba kila kiumbe amepewa umbo limfaalo, na kwamba mwenye miguu minne hakukosea kuzaliwa. Nyuki walionyesha ustadi wa kujenga bila rula wala bikari. Kuhusu dini, wanyama walisema, ninyi mna haja ya sheria na mitume kwa sababu mwakosa, sisi hatukukosa. Hata tulipofika karibu na mwisho, hoja zote za binadamu zilikuwa zimeanguka. Ndipo binadamu mmoja aliposema kwamba wao wameahidiwa kufufuliwa na kuishi milele, na kwamba wako kati yao manabii na watakatifu. Na kwa hoja hiyo moja wakapewa hukumu.

Msomaji aangalie vema. Wale wanyama walishindwa, lakini hawakushindwa kwa akili wala kwa nguvu wala kwa uzuri wa umbo. Walishindwa kwa jambo linalomtwika binadamu hesabu mbele ya Mungu, na mwenye hesabu hawezi kutenda apendavyo.

Mwanachuoni mwingine, Izz ad-Din ibn Abd as-Salam, aliyekufa Misri mwaka 1262, hakuandika ngano bali sheria. Katika kitabu chake juu ya misingi ya hukumu alihesabu haki za mnyama juu ya mwenyewe: amlishe, hata akiwa mzee au mgonjwa asiyeweza kuleta faida tena, asimtwike mzigo upitao nguvu zake, asimweke pamoja na mnyama atakayemdhuru, amchinje vizuri, wala asimchinje mtoto mbele ya macho ya mama yake. Tazama lile neno la kwanza. Punda mzee asiyefaa kitu bado ana deni juu ya mwenyewe. Hilo silo jambo la huruma tu, ni haki, na haki hudaiwa. Iliandikwa zaidi ya miaka 550 kabla ya sheria ya London.

Ulaya wakati ule ilikuwa na mabishano mengine. Mfaransa René Descartes, katika kitabu alichokitoa mwaka 1637, alifundisha kwamba mnyama ni kama mtambo, mfano wa saa ya ukutani: huenda, hulia, hugeuka, walakini hana roho ya kufikiri. Waliomfuata walikwenda mbali kuliko yeye. Wakasema kilio cha mbwa anayepasuliwa si zaidi ya mlio wa chuma kikavu kisichotiwa mafuta. Fundisho hilo liliwafaa sana waliokuwa wakipasua wanyama hai ili wajue mwendo wa damu, maana liliwaondolea majuto. Ni la ajabu kwetu sisi tuliokulia kati ya mbuzi na mbwa; mchungaji wa miaka minane angalicheka akiambiwa hivyo. Lakini msomaji asidhani kwamba Descartes alikuwa mjinga. Alitaka kulinda roho ya binadamu isiyokufa, akaona kwamba akimpa mbwa nusu ya roho hatajua aishie wapi.

Mjerumani Immanuel Kant, aliyekufa mwaka 1804, hakukubali kwamba mnyama ni saa. Alijua kwamba huumia. Walakini alifundisha kwamba wajibu wetu wa kweli ni kwa binadamu tu, na kwamba tukimtendea mbwa vibaya tunajidhuru sisi, kwa kuwa moyo uliozoea ukatili kwa mnyama utakuwa mgumu kwa mtu pia. Alitoa mfano wa picha alizochora Mwingereza William Hogarth mwaka 1751. Katika picha ya kwanza ya Hogarth kijana mmoja anamtesa mbwa barabarani. Katika ya pili amekuwa mwendeshaji wa gari, anampiga farasi aliyeanguka. Katika ya tatu amemwua mwanamke. Katika ya nne amekwisha nyongwa, na madaktari wanampasua maiti, na mbwa mmoja chini ya meza anaula moyo wake ulioanguka. Wazee wengi wa kwetu hufundisha njia hiyo ya Kant bila kumjua: mtoto anayemng'oa panzi miguu huonywa kwa hofu ya atakavyokuwa akikua. Ni onyo jema. Kasoro yake ni kwamba panzi mwenyewe bado hayumo katika hesabu. Lau tungepata mtu awezaye kuwatesa wanyama mchana kutwa na jioni akawa mpole kwa watu, Kant asingekuwa na neno la kumwambia.

Ndipo alipotokea Jeremy Bentham wa London. Katika kitabu alichotoa mwaka 1789, tena chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, aliandika habari iliyokuja kuwa mashuhuri kuliko kitabu chenyewe. Alisema kwamba wako watu waliowekwa katika hali ya wanyama kwa ajili ya rangi ya ngozi yao, na kwamba siku itafika ambapo idadi ya miguu au kuwapo kwa mkia kutaonekana kuwa ni sababu hafifu vile vile ya kumwacha kiumbe mikononi mwa mtesaji. Farasi mzima, alisema, ana akili kuliko mtoto mchanga. Kwa hiyo haifai kuuliza kama mnyama aweza kufikiri au kusema. La kuuliza ni kama aweza kuumia. Bentham hakukataza kula nyama, wala hakukataza majaribio ya waganga yenye faida. Alitaka maumivu yapimwe katika mizani, na ya mnyama yatiwe humo pamoja na ya mtu. Naye mwenyewe alipokufa mwaka 1832 aliagiza mwili wake upasuliwe na madaktari mbele ya wanafunzi. Na mifupa yake, iliyovikwa nguo zake, imekaa mpaka leo katika chuo kimoja kikuu cha London.

Sasa twarudi Bungeni. Mwaka 1800 ilipelekwa sheria ya kukataza mchezo wa kuwaachilia mbwa wamtafune fahali aliyefungwa kwenye kigingi. Huo haukuwa kama mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ambako ng'ombe hachinjwi uwanjani na mchezaji ndiye anayehatarisha mwili wake. Sheria ile ilianguka. Mwaka 1809 Bwana Erskine, aliyekuwa hakimu mkuu wa nchi miaka michache kabla yake, alileta nyingine ya kuwalinda wanyama wa kazi; ikakubaliwa na baraza la mabwana, ikaanguka katika baraza la wawakilishi. Aliyeshinda mwaka 1822 alikuwa mtu ambaye pengine hapana aliyemdhania.

Jina lake Richard Martin, mzaliwa wa Ireland mwaka 1754, mwakilishi wa Galway. Alikuwa na ardhi kubwa na madeni makubwa. Katika ujana wake alijulikana kwa kupigana watu wawili kwa bastola, kama ilivyokuwa desturi ya waungwana wa zamani hizo. Na mmoja wa maadui zake alikuwa mtu aliyempiga risasi mbwa wa bwana mmoja bila sababu. Bungeni alichekwa. Magazeti yaliandika kwamba mwaka 1821, mmoja alipotaja punda kuwa nao walindwe, wabunge walicheka hata mwandishi hakusikia maneno yaliyofuata. Mwingine akasema kesho Martin atataka sheria ya mbwa, wakacheka zaidi. Wa tatu akapiga kelele, Na paka! Baraza zima likaangua kicheko. Lakini Martin hakuwa mtu wa kuonea haya kicheko, maana yeye mwenyewe alikuwa mcheshi. Na mwaka uliofuata sheria ikapita.

Sheria isiyo na mshtaki ni karatasi. Hapakuwa na polisi wa kazi hiyo, kwa hiyo Martin akatoka mwenyewe barabarani na katika soko la mifugo la Smithfield, akiwakamata watu na kuwapeleka kwa hakimu. Kesi inayokumbukwa kuliko zote ni ile ya mchuuzi mmoja aliyempiga punda wake. Yasimuliwa kwamba hakimu na watu waliokuwapo walianza kucheka kesi ya punda. Ndipo Martin akaamuru punda mwenyewe aingizwe mahakamani, ili wote wayatazame majeraha yake. Mchoraji mmoja aliichora picha ya siku hiyo: punda yumo kati ya mawakili, masikio wima, na watu wamejazana nyuma yake. Ikiwa yote yalikuwa kama yalivyochorwa au mchoraji aliongeza chumvi, jambo moja ni yakini: aliyekuwa mali alikuwa amekuwa sababu ya kesi. Tena husimuliwa kwamba Martin, akiona mshtakiwa ni maskini, mara nyingine alilipa faini kutoka mfukoni mwake, yeye aliyewadaiwa wengi.

Tarehe 16 Juni 1824 watu ishirini na wawili walikutana katika nyumba moja ya kahawa ya London, wakaunda chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Aliyewaita ni kasisi Arthur Broome. Pamoja na Martin walikuwamo William Wilberforce na Thomas Fowell Buxton, na hao ndio waliokuwa wakipigania kukomeshwa kwa utumwa katika nchi zote za Uingereza, jambo lililopitishwa na Bunge mwaka 1833. Basi hapa ndipo Aristotle anaporudi. Yeye alikuwa amewaweka mtumwa na mnyama katika kamba moja. Watu hao waliikata kamba hiyo kwa pande zote mbili. Hatusemi kwamba mtumwa na punda ni sawa. Hilo ni neno la wafanya biashara wa watumwa, na soko la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, lilijengwa juu yake. Twasema tu kwamba watu waliozoea kuuliza kwa nini huyu apigwe hawakuweza kunyamaza walipomwona mwingine akipigwa.

Chama kile kilianza vibaya. Broome alifungwa mwaka 1826 kwa madeni ya chama. Nafasi yake ilishikwa na Lewis Gompertz, Myahudi, fundi mwenye kubuni mitambo, ambaye hakula nyama wala hakukubali kupanda gari la kuvutwa na farasi. Alikuwa mkali kwa nafsi yake kuliko kwa wengine, na wachache waliweza kumfuata. Mwishowe wenzake walimwona mzito, akatoka akaunda chama chake. Martin alipoteza kiti Bungeni, akakimbilia Ufaransa kwa ajili ya wadai, akafa huko mwaka 1834. Mwaka mmoja baada ya kufa kwake sheria mpya iliwaingiza mbwa na mafahali, ikakomesha mchezo ule wa kigingi. Ile kauli iliyochekesha Bunge mwaka 1821 ilikuwa sasa ni sheria.

Lakini liko shauri moja ambalo watu wema hao hawakulijibu, nalo lilitolewa na adui yao. William Windham, aliyeipinga sheria ya mwaka 1800, aliuliza kwa nini mchezo wa maskini ukatazwe na uwindaji wa matajiri uachwe. Yeye alikuwa akitetea ukatili, na hoja yake ilikuwa ya hila. Hata hivyo ilikuwa kweli. Sheria ya mwaka 1822 iliwakamata wachuuzi, wachunga ng'ombe na waendesha magari. Mabwana waliomfukuza mbweha kwa mbwa hata akararuliwa hawakuguswa. Uwindaji huo haukukatazwa Uingereza mpaka sheria ya mwaka 2004.

Nasi katika Afrika ya Mashariki tuna sababu ya kulijua neno hilo la Windham. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa mwitu wa Afrika. Twiga aliandikwa kuwa asiuawe. Simba, chui, fisi na mamba waliandikwa kuwa ni wadhuru, wapunguzwe. Mkataba haukupata nguvu kamili, lakini roho yake iliingia katika sheria za makoloni. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, alipotoka katika urais wa Marekani, alifika Mombasa na mwanawe. Na kwa hesabu aliyoichapa mwenyewe wawili hao walipiga wanyama na ndege 512. Walikuwa na vibali. Wawata wa nyika ya Tsavo, waliowinda tembo kwa upinde na mshale wa sumu kama babu zao, hawakuwa na vibali, na katika miaka ya 1950 wengi wao walitiwa gerezani kwa kazi waliyorithi. Tembo hakika alihitaji kulindwa. Walakini mnyama yule yule alikuwa fahari kwa mmoja na hatia kwa mwingine, na tofauti ilikuwa katika karatasi.

Mabishano hayakwisha. Mwaka 1975 Peter Singer wa Australia alishika mizani ya Bentham, akaitumia juu ya mabanda ya siku hizi, ambamo maelfu ya kuku hukaa katika vizimba visivyowatosha kunyoosha mabawa. Na nchi za Umoja wa Ulaya zilivikataza vizimba vitupu vya namna hiyo tangu mwaka 2012. Mwaka 1983 Tom Regan wa Marekani aliikataa mizani yenyewe. Alisema mnyama mwenye kuona, kukumbuka na kutaka ana maisha yaliyo yake, na kwamba hapana faida yoyote, hata ikiwa kubwa, inayotupa ruhusa ya kumtumia kama chombo. Tofauti yao si ndogo. Mwaka 1921 mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliwatoa mbwa kongosho ili wajue siri ya ugonjwa wa kisukari. Na Januari 1922 kijana wa miaka 14 aliyekuwa akienda kufa alidungwa dawa iliyotoka katika kongosho za ng'ombe, akaishi. Mwenye mizani aweza kuwahesabu mbwa wale na mamilioni ya watu waliookoka, akasema inafaa. Mwenye haki hatahesabu. Sisi twaona vigumu kumtazama mama wa yule kijana na kumwambia habari za haki ya mbwa; vile vile twaona kwamba mtu asiyesumbuka hata kidogo kwa ajili ya wale mbwa hafai kupewa kisu.

Na punda je? Tanzania ilitunga sheria yake ya ustawi wa wanyama mwaka 2008. Huko Kenya, kuanzia mwaka 2016, vilifunguliwa viwanda vya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, ambazo huchemshwa na kufanywa dawa nchini China. Punda wakaanza kuibwa usiku; mwanamke aliyebebewa maji na punda mmoja aliamka akakuta kamba tupu. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kuzuia biashara ya ngozi za punda katika bara zima. Hoja iliyosikika zaidi ilikuwa ya wenye punda: mizigo yao, maji yao, riziki yao. Ni hoja ya kweli, nayo ndiyo iliyofika kwa wakuu. Ile nyingine, ya mnyama aliyesafirishwa siku nyingi bila maji hata akaanguka kabla ya kufika kiwandani, ilitajwa pia, ingawa kwa sauti ya chini.

Mjini Lamu, ambako njia ni nyembamba na mzigo mwingi ungali ukichukuliwa na punda, ipo tangu mwaka 1987 nyumba ya kuwatibu. Huletwa wenye vidonda vya matandiko, wenye kwato zilizooza, na wazee ambao hawana kazi tena.